Nyumba moja, familia nne: picha ya pahali alipozaliwa George Stephenson

KALEMIE. — Picha ndogo ya zamani inaonyesha nyumba ya wafanyakazi wa mgodi huko Uingereza. Ndani yake alizaliwa mtoto wa mtia moto, ambaye baadaye alitengeneza taa ya kushuka nayo chini na akafungulia dunia njia ya treni. Tumeiangalia picha hiyo kwa macho ya familia za wachimbaji wa Tanganyika.

Nyumba ni ndefu, ya mawe, ya gorofa moja, na paa yake ni ya vigae. Haina kitu cha kushangaza. Ukiipita njiani hauwezi kugeuza kichwa. Lakini watu wa Uingereza waliichora, wakaichapa katika vitabu, na mpaka leo wanatoka mbali kuja kuiangalia. Inaitwa High Street House. Iko ku Wylam, kijiji cha makaa ya mawe kando ya mto Tyne, kilomita kama 15 magharibi ya mji wa Newcastle. Humo alizaliwa George Stephenson, tarehe 9 Juni 1781.

Ndugu msomaji, kama unaishi kwenyi kambi ya wafanyakazi, nyumba hiyo utaitambua mara moja. Ilijengwa karibu na mwaka 1760 juu ya kupangisha familia za watu wa mgodi, na iligawanywa kwa familia nne. Kila familia na chumba chake. Akina Stephenson walikuwa na kimoja cha chini. Ukuta haukupakwa kitu, sakafu ilikuwa ya udongo, na juu ya kichwa uliona miti ya paa bila dari. Humo humo mama alipika, baba alilala akitoka kazi ya usiku, na watoto wakazaliwa.

Mbele ya mlango ilipita reli. Tusifikiri reli ya chuma ya leo: ilikuwa ya mbao, na farasi ndio walivuta mabehewa ya makaa kutoka mgodini mpaka pahali pa kupakia mashua ku Lemington. Wazazi walipaswa kuchunga watoto wadogo wasikanyagwe. Mtu ambaye dunia ingemwita baba wa reli alikua akiona mabehewa yakipita kwenyi kizingiti cha nyumba yao, kila siku ya Mungu.

Picha ilitengenezwa namna gani, na juu ya nini

Tuseme ukweli: wakati George anazaliwa, hakuna mtu aliyefikiri kuchora nyumba ile. Nani angechora chumba cha mtia moto? Picha zilikuja wakati alikuwa amekwisha kuwa mtu mkubwa na amekwisha kufa. Iliyojulikana zaidi ni ile ya vitabu vya Samuel Smiles, mwandishi aliyetoa maisha ya Stephenson mwaka 1857, kisha akayarudilia katika kitabu chake cha waenjenia, kitabu cha tatu, mwaka 1862.

Picha za namna hiyo zilichongwa kwenyi mti. Fundi alichukua kipande cha mti mgumu sana, kilichokatwa kwa kuvuka nyuzi zake, akachonga kwa ncha ya chuma pale panapopaswa kubaki peupe. Pale alipoacha bila kugusa ndipo wino ulipokamata. Faida yake ni hii: kipande kile kiliweza kupangwa pamoja na herufi za maandishi, mashine ikapiga vyote mara moja. Njo maana vitabu na magazeti ya wakati ule viliweza kuwa na picha kwa bei ambayo hata mfanyakazi aliweza kulipa.

Smiles hakukaa tu nyumbani kwake kuandika. Alifika kaskazini, akawauliza wazee waliofanya kazi pamoja na Stephenson. Hilo tunamshukuru. Lakini yeye mwenyewe alikuwa karani mkubwa wa kampuni za reli, na alikuwa na fundisho lake: mtu akijikaza, atapanda. Picha ya nyumba ile maskini ilisaidia fundisho hilo. Msomaji aliona mlango wa chini, kisha akasoma juu ya utajiri wa mwisho, na akajisemea: kumbe inawezekana.

Inawezekana, ndiyo. Lakini turudi kuangalia picha. Nyumba ni moja, familia ni nne. Wale wengine watatu nao walikuwa na watoto, nao walijikaza, nao walishuka mgodini. Majina yao hayakuandikwa chini ya picha.

Mtoto wa mgodi

Baba yake, Robert, ambaye watu walimwita Old Bob, alikuwa mtia moto wa mashine ya kupampu maji mgodini. Mshahara wake haukupita shilingi 12 kwa juma, na watoto walifika sita. Mama yake aliitwa Mabel. Hakuna mtoto hata mmoja aliyepelekwa ku masomo, juu pesa yote ilikwisha kwenyi chakula.

George alianza kazi akiwa kadogo. Kwanza alichunga ng'ombe wa mama mjane kwa peni 2 kwa siku. Kisha alilima shamba za watu. Kisha akaingia mgodini kuchagua mawe ndani ya makaa, kwa peni 6. Kisha akaongoza farasi wa kuzungusha mashine, kwa peni 8. Alipofika miaka 14 alikuwa msaidizi wa baba yake kwenyi moto, kwa shilingi moja kwa siku. Wakati wa kucheza, yeye na rafiki yake walifinyanga mashine ndogo za udongo.

Hatuandiki haya ili mzazi aseme: basi hata wangu aende kwenyi shimo, labda atakuwa Stephenson. Hapana. Kwa mmoja aliyetoka, wengi walibaki humo, wengine na mifupa yao. Na kitu kilichomtoa yeye si kuokota mawe. Kilichomtoa ni jambo alilolifanya alipofika miaka 18.

Kufika umri huo alikuwa hajui kusoma hata jina lake. Alikuwa mwenyi kuchunga mashine, kazi ya heshima, na mshahara wake ulipita wa baba yake. Angeweza kusema: inanitosha. Lakini alisikia kwamba vitabu vinaeleza mashine zinazotengenezwa pahali pengine, na yeye hawezi kujua vinasema nini. Akaanza masomo ya usiku, mara tatu kwa juma, kwa peni 3. Kisha akatafuta mwalimu wa hesabu. Mchana, wakati mashine inatembea vizuri, alifanya mahesabu kwenyi ubao mdogo, jioni akampelekea mwalimu asahihishe. Pembeni alitengeneza viatu na saa za watu ili aongeze faranga kidogo.

Mwaka 1802 alimwoa Frances Henderson. Mwaka 1803 wakazaa mtoto, Robert. Mwaka 1806 mama yule akafa na kifua kikuu. Kisha baba yake George akaunguzwa na mvuke usoni, akapofuka, na kazi ikaisha. George alilipa madeni ya mzee na akaanza kuwalisha wazazi wote wawili. Tena aliitwa kwenda jeshi, na ili asiende alipaswa kulipa mtu mwengine aende pahali pake. Akiba yote ikaisha. Familia nyingi za hapa kwetu zinajua mwaka wa namna hiyo: kifo, kipofu, deni na serikali, vyote mu mlango mmoja.

Mtoto Robert alilelewa kwa msaada wa shangazi yake, Eleanor. Na huyu, George alimtuma ku masomo mazuri mjini Newcastle. Jioni mtoto akirudi, baba na mwana walisoma pamoja kitabu kimoja. Mwaka 1816 walitengeneza saa ya jua ya jiwe, wakaiweka juu ya mlango wa nyumba yao ku Killingworth, na tarehe ikachongwa humo. Mtoto huyo naye alikuwa enjenia mkubwa wa reli na madaraja.

Taa

Sasa tufikie jambo linalowahusu wanaoshuka chini.

Katika mgodi wa makaa ya mawe kuna gesi inayotoka ndani ya makaa yenyewe. Haina rangi, haina harufu. Ikichanganyika na hewa kwa kipimo fulani, mshumaa mmoja unatosha kulipua galeri nzima. Tarehe 25 Mei 1812, ku Felling karibu na Newcastle, mgodi ulilipuka, watu 92 wakafa, ndani yao watoto. Wenyi migodi hawakupenda mambo hayo yaandikwe magazetini. Lakini pasta wa pale, John Hodgson, aliandika habari yote akaichapa, pamoja na majina ya wafu. Kutokana na kelele hiyo, watu walikusanyika kutafuta taa isiyolipua gesi.

Stephenson, wakati ule fundi mkubwa wa mashine ku Killingworth, hakujua kemia. Alijua mgodi. Aliangalia namna moto unavyotembea ndani ya gesi, akawaza kwamba kama hewa itaingia kwenyi taa kwa matundu madogo sana, moto hautaweza kurudi kwa njia ile ile. Tarehe 21 Oktoba 1815 taa yake ya kwanza ilikuwa tayari. Usiku ule alishuka na wenzake wawili, Nicholas Wood na John Moodie, mpaka karibu na pahali gesi ilikuwa ikitoka kwa nguvu. Moodie alitangulia kupima, akarudi kusema kwamba mshumaa ukifika pale utalipuka. Wenzake wakabaki nyuma. Stephenson akaendelea peke yake, taa mkononi. Moto ndani ya taa uliongezeka, ukacheza, ukazimika. Mgodi haukulipuka. Akarudilia tena.

Mwezi uleule, ku London, mwanasayansi Humphry Davy naye alikuwa akitafuta, na tarehe 9 Novemba 1815 alieleza kazi yake mbele ya wataalamu. Taa ya Davy ilizungushiwa wavu mwembamba wa chuma: chuma kinanyang'anya moto joto lake, na moto unashindwa kupita. Davy alipewa zawadi ya pauni 2000. Watu walipomtaja Stephenson, Davy na marafiki zake walikasirika. Kwao, fundi asiye na masomo hawezi kuvumbua kitu kama hicho, lazima ameiba.

Watu wa Newcastle walikataa. Walitafuta ushahidi, tarehe kwa tarehe, wakaonyesha kwamba Stephenson alishuka na taa yake mbele ya Davy kutangaza yake. Wakakusanya pauni 1000, wakampa mu karamu mwanzo wa mwaka 1818. Wachimbaji wa kaskazini wakaiita taa ile Geordie, yaani George kwa kinywa chao, wakaendelea kushuka nayo.

Lakini taa haikumaliza vifo, na hilo nalo tuliseme. Wenyi migodi, walipopata taa, walituma watu pahali ambapo zamani waliogopa kuwatuma juu ya gesi. Chombo cha usalama kikigeuzwa ruhusa ya kuingia pabaya, mchimbaji haongezi uhai wake. Anaongeza tu kazi.

Kwetu, wachimbaji wa koltani, kasiteriti na dhahabu hawakutani sana na gesi ile ya makaa. Wanakutana na adui mwengine: hewa mbaya. Motopompi ikiwashwa ndani ya shimo, moshi yake inabeba gesi isiyo na harufu, inayolegeza mtu mpaka analala na haamki tena. Mshumaa haukuambii kitu: unaweza kuendelea kuwaka vizuri na watu wanaanguka. Motopompi inapaswa kubaki nje, mbali na mdomo wa shimo. Na mwenzako akianguka chini, usimrukie bila hewa kuingizwa kwanza na bila kamba kiunoni, juu mara nyingi ni wa pili na wa tatu wanaokufa wakitaka kuokoa.

Kinywa cha kijiji mbele ya wakubwa

Mwaka 1825 Stephenson alisimama London mbele ya kamati ya bunge, kutetea reli kati ya Liverpool na Manchester. Mawakili wa wapinzani walimkamata kwa maulizo. Kingereza chake kilikuwa cha Tyne, cha mgodini, watu walicheka. Wengine waliuliza kama ni mgeni wa inchi nyingine. Tena, vipimo vya njia vilivyofanywa na wasaidizi wake vilikuwa na makosa kweli, na yeye hakuweza kuvieleza. Siku ile alishindwa, na bunge likakataa.

Tunapenda kuisimulia habari hii kwenyi ukurasa wa Kiswahili wa gazeti la Kifaransa. Ni wangapi kati yetu wameingia mu ofisi na jambo la kweli, wakatoka wameshindwa juu ya lugha tu? Lakini tuchukue pande zote mbili za fundisho. Waliocheka kinywa chake walikosea. Waliokamata vipimo vyake hawakukosea. Mwaka 1826 ruhusa ikatoka, kwa vipimo vipya, na Stephenson akarudishwa kujenga. Tarehe 15 Septemba 1830 reli ile ikafunguliwa. Ilipita hata juu ya tope kubwa la Chat Moss, ambapo wasomi walikuwa wamesema haitapita.

Mbele ya hapo, mwaka 1814, alikuwa ametengeneza treni yake ya kwanza ya kuvuta makaa ku Killingworth, ambayo ilipandisha tani 30 kwa mwendo wa mtu anayetembea haraka. Mwaka 1825 alifungua reli ya Stockton na Darlington. Mwaka 1829 mashine Rocket, iliyojengwa na yeye na mwana wake, ilishinda mashindano ya Rainhill. Si yeye aliyevumbua treni ya mvuke. Richard Trevithick alitangulia, na hata ku Wylam kwenyewe William Hedley alitengeneza mashine ya Puffing Billy, iliyopita mbele ya nyumba ile ile. Kazi ya Stephenson ni kuifanya reli iaminike na ienee.

Kutoka Wylam mpaka Kalemie

Upana wa reli ya Killingworth ndio ulizaa upana wa milimita 1435 unaotumiwa leo na sehemu kubwa ya dunia. Hapa kwetu upana ni mwengine. Njia ya Kabalo mpaka Kalemie, wakati ule Albertville, yenye kilomita 273, ilifika ziwani mwaka 1915, na ilijengwa kwa upana wa metre moja. Baadaye, mu miaka ya 1950, ikapanuliwa kufikia milimita 1067 ili iungane na reli za Katanga. Kutoka bandari yetu mizigo ilivuka ziwa mpaka Kigoma, na kutoka Kigoma treni nyingine ikapeleka Dar es Salaam. Mashine za kwanza zilikuwa za mvuke, watoto wa wajukuu wa ile ya Killingworth.

Na makaa ya mawe vilevile tunayo. Bonde la Lukuga lina makaa, na wakati wa Wabelgiji yalichimbwa ku Makala, waliyoiita Greinerville. Jina la pahali lenyewe linasema kazi iliyofanyika. Kulikuwa na watia moto, wachunga pompi, watoto waliokua wakiangalia mabehewa. Kulikuwa na vyumba vya familia, vilivyopangwa mstari mmoja. Ku Manono vilevile, ku kasiteriti.

Uingereza ilimweka George Stephenson hata kwenyi noti ya pauni 5, kuanzia 1990 mpaka 2003. Nyumba ya Wylam inachungwa tangu 1949 na chama cha kulinda urithi wa inchi, na reli iliyopita mbele yake imegeuka njia ya watembeaji na wapanda baiskeli. Hatuombi noti. Tunaomba jambo dogo ambalo halina bei kubwa.

Katika nyumba nyingi za Kalemie, Manono, Kabalo na Nyunzu kuna picha moja ya babu amevaa kofia ya kazi, ao ya bibi mbele ya nyumba ya kampuni. Wajukuu hawajui tena jina, hawajui mwaka, hawajui ni kambi gani. Wazee wanaojua wanapungua. Hakuna Smiles atakayekuja kuuliza. Na akikuja, ataandika familia moja na kuacha tatu. Basi muulize mzee leo, chukua kalamu, na nyuma ya picha ile uandike: jina la mtu, kazi yake, pahali, mwaka. Na kama kulikuwa majirani watatu kwenyi nyumba ile, uandike na majina yao.